Ndevu za Ibrahimu

Mwongozaji wa ile filamu ametuandikia barua. Anataka kila mwigizaji mkubwa aeleze maisha yake kwa ufupi, yatiwe kwenye kijitabu kitakachogawiwa filamu ikioneshwa miji mingine. Ukurasa mmoja tu, anasema. Mimi ni mtu wa maneno, na wanaonijua wanajua kwamba ukurasa mmoja haunitoshi hata kusalimia. Lakini nimekaa na kalamu jioni tatu, na kila nikiandika "Mimi ni kinyozi, ndimi niliyeigiza Ibrahimu," mkono unagoma. Basi nimeamua kuandika maisha ya mtu mwingine. Akiyatia kwenye kijitabu, sawa. Asipoyatia, shauri yake.

Mtu huyo ni fundi viatu. Kibanda chake kinatazamana na chumba changu cha kunyolea, kati yetu barabara tu, hatua ishirini. Nikipiga mwayo anaona magego yangu. Mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, humwita Ndevu, na kwa nini aliitwa hivyo nitafika.

Baba yake alikuwa fundi viatu pia, akafa mapema, na Ndevu akashika msharasi wa kutobolea ngozi kabla mikono yake haijapata nguvu ya kuusukuma. Mpaka leo kidole gumba chake cha kulia kimepinda kwa kushikilia soli zishike gundi. Mkewe ni mshonaji. Alimjia kwanza kama mteja, kiatu chake kimekatika kamba. Mwezi ule ule kamba ikakatika mara tatu, na Ndevu, ambaye si mwepesi wa mambo hayo, akamshauri atafute viatu vya maana. Dada wa yule binti ndiye aliyepasua jipu: kamba ilikuwa inakatwa kwa mkasi. Wakaoana, wakapata mabinti wawili, wote wameolewa mbali.

Ana tabia moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Mteja akivua kiatu kitengenezwe, Ndevu huvua kandambili zake akampa avae wakati anangoja, halafu yeye mwenyewe hufanya kazi miguu mitupu. Nilipomuuliza alinijibu, "Mtu akikaa pekupeku peke yake mbele za watu anajiona mdogo." Hakuongeza neno. Ndivyo alivyo, maneno kwake hutoka kwa kupimwa, na ndiyo maana tumeelewana, kwa sababu mimi ninayo ya kutosha sisi wawili.

Sasa ndevu. Zilifika kifungo cha pili cha shati. Nyeusi, nzito, na upande wa kushoto, chini ya pembe ya mdomo, ulishuka mstari mmoja mweupe mpaka nchani, mwembamba kama uzi wa nta. Wateja wangu waliketi mbele ya kioo, badala ya kujitazama wenyewe wakamtazama yeye ng'ambo kupitia kioo changu. "Ona mtu alivyoumbwa," wanasema, na huku wamekaa kwenye kiti changu, wembe wangu uko shingoni mwao. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi sina hata cha kunyolewa. Kidevu changu ni sahani iliyooshwa. Nimenyoa ndevu za watu miaka ishirini na sita, na zangu hazijazidi vinyweleo saba, navijua kimoja kimoja.

Mara ngapi nilimwambia, "Ndevu, njoo walau nizisawazishe." Hujibu, "Ziache." Nikaamua moyoni kwamba ni maringo. Niliona wivu, naandika neno hilo wazi kwa sababu nimechoka kulizunguka.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Mwongozaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani shingoni, mwenye haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. Alitaka kusimulia maisha yote ya Ibrahimu, tangu anahama kwao mpaka anapopanda mlimani na mwanawe Isaka, na hakutaka waigizaji wa mjini. Alitaka nyuso za kazi. Orodha ya sehemu za kuigiza aliibandika mlangoni kwangu, kwani ndiko wanaume hukaa hata wasiponyolewa, na wanawake husimama kuuliza wanaume wao wako wapi.

Orodha ile ilitufurahisha majuma mawili. Sara alipewa muuza maua, ambaye hucheka hata kwenye mazishi. Isaka, mtoto wa mwalimu mkuu. Malaika alikuwa dobi, maana ndiye peke yake mwenye mashuka meupe ya kweli. Mke wa Lutu alipewa jirani yetu anayechungulia madirisha ya watu, na tukakubaliana kwamba huyo hahitaji mazoezi ya kugeuka nyuma. Kondoo dume aliletwa na mchinja nyama, aliyetaka ahadi ya maandishi kwamba atarudishiwa akiwa mzima. Kando ya jina la Ibrahimu palikuwa peupe. Siku baada ya siku, peupe.

Nikapataka mahali pale. Nilikuwa nikifunga mlango mchana, najifunga taulo nyeupe kidevuni, naongea na mbingu kwenye kioo. Nilijua hadithi yote kwa moyo. Nilijiambia, ukiondoa ndevu, nani mtaani anaweza kusema kama mimi?

Ijumaa moja mwongozaji aliingia kuomba maji ya kunywa. Glasi mkononi, akatazama nje, akasahau kunywa. Ng'ambo, Ndevu alikuwa amepiga goti akimvisha bibi mmoja kandambili zake, ndevu zimegusa vumbi.

"Yule," akasema taratibu. "Yule ndiye Ibrahimu wangu. Ni nani?"

"Fundi viatu, mama. Rafiki yangu."

"Mwambie aje Jumatatu asubuhi. Na tafadhali, asiguse hata unywele mmoja." Alikuwa ameshaanza kuvuka aende mwenyewe, mara dereva wake akaja mbio akipiga kelele kwamba kondoo amekata kamba yuko barabara kuu. Akaniwekea glasi mkononi akakimbia. "Umwambie!" akasema.

Nikavuka barabara. Hatua ishirini. Nilitoka kwangu na habari njema, nikafika ng'ambo na uongo, na sijui ulinikuta hatua ya ngapi.

"Ndevu, wanakutaka," nikamwambia. "Uwe Ibrahimu."

Akaweka msharasi chini. "Mimi? Nitasema nini mimi?"

"Maneno ni machache. Ila wamesema hizo zitoke."

"Zitoke?"

"Wana zao za kubandika. Nyeupe kabisa, za mzee wa miaka mia. Zako zitawaharibia."

Akazishika kwa mkono mzima, kama mtu anayeshika mkono wa mtoto kabla ya kuvuka barabara. "Zote?"

"Zote."

Mkewe alikuwa nyuma, kwenye cherehani. Akasimamisha gurudumu. "Shemeji, una hakika?"

"Hakika kabisa, shemeji. Watu wa filamu hao, wana mambo yao."

Ndevu akanitazama kidogo, kisha akasema, "Kama ni wewe utakayezitoa, basi sawa."

Akaja Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja. Nikamfunga kitambaa shingoni. Nilianza na mkasi, zikashuka mapajani mwake kwa mafungu, na ule mstari mweupe nikaukata mwisho, kwa uangalifu zaidi kuliko nilivyopaswa. Halafu maji ya moto, povu, wembe. Alifumba macho. Nilianza shavu la kushoto, nikashuka taratibu, na chini ya kidevu wembe ukaruka kidogo, kama gurudumu lililopanda kijiwe.

Lilikuwa kovu. Refu, jeupe, lililoanza kidevuni likaingia chini ya taya.

"Umefika?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Nimefika wapi?"

"Kwenye kovu lako."

Hapo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kwa raha kabisa. Nilipojifunza kazi hii, mwalimu wangu alitunyolesha maputo yaliyopakwa povu. Puto langu halikupasuka hata mara moja, nikajiona bingwa. Lakini mtu wa kunikopesha kidevu cha kweli hakupatikana. Ndugu zangu walinikimbia. Aliyekaa ni yeye, kijana mwenzangu, bila kuulizwa mara mbili, na nilimpasua kama ninafungua gunia. Kidonda kilitunga usaha, kikakaa majuma matatu. Kisha nikapata chumba hiki, nikaanza kazi, na yeye akaanza kufuga ndevu. Sikuyaunganisha hayo mawili.

"Kumbe lilibaki?" nikasema.

"Liende wapi? Ulikuwa unafungua mwezi ule ule. Ningekaa pale ng'ambo na kidevu kile, nani angekuja kwako? Nikaziacha ziote." Akatabasamu ndani ya povu. "Baadaye nikazizoea."

Wembe ulikuwa mkononi. Uso wake ulikuwa nusu mtupu, nusu una povu. Nusu ile haikuweza kurudi, lakini ukweli ulikuwa bado una mahali pa kukaa. Ningeweza kusema, Ndevu, nisamehe, nimekudanganya, Jumatatu nenda hivyo hivyo ukawaeleze ni kosa langu. Wangembandika hizo hizo zake, naye angekuwa Ibrahimu. Niliyaona maneno hayo yote yamejipanga. Nikageuka, nikanoa wembe kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa ukutani. Mkanda huo alinitengenezea yeye, zawadi ya kufungua chumba. Nikanoa upande huu, nikanoa upande ule, nikarudi nikamaliza.

Alijitazama kwenye kioo, akapitisha kidole kwenye kovu. "Nimekuwa mtoto," akasema. Akatoka. Nikakunja kitambaa pembe nne na ndevu zake ndani, nikakiweka kwenye mtoto wa meza.

Jumatatu, alfajiri, kabla Ndevu hajafungua kibanda, nilikuwa kwa mwongozaji. Nikamwambia fundi viatu amekataa. Nikamwambia yeye si mtu wa kuigiza, amenyoa ili asisumbuliwe. Nikasema hivyo kuhusu mtu ambaye hajawahi kukataa kazi ya mtu yeyote. Mama yule alikaa chini akashika kichwa. Ndipo nikatoa kitambaa, nikakifungua mezani, nikasema, "Lakini ndevu zenyewe hizi hapa." Nikasimama wima, nikamwita mwanangu Isaka kwa sauti niliyoizoeza kwenye kioo. Mpambaji wao akazishika zile ndevu, akazipima kwenye kidevu changu kitupu, akasema kidevu kama hiki gundi inakipenda.

Kwa Ndevu nikapeleka uongo wa tatu. Wamebadilisha, wamenishikisha mimi, wewe wamekupa sehemu ya mtumishi. Nilikuwa nimemwombea sehemu hiyo mwenyewe, nikisema isiyo na neno ataikubali, nikijiona mwema.

"Hongera," akasema. Akanipa mkono.

Wanaoijua hadithi wanakumbuka kwamba Ibrahimu alipouona mlima kwa mbali aliwaacha watumishi wawili chini, pamoja na punda. Mtumishi wa kwanza alikuwa Ndevu. Siku ya kupiga picha jua lilikuwa kali. Nilitoka kwenye hema la mpambaji nimevaa joho, na kidevuni zimening'inia ndevu mpaka kifungo cha pili. Walizipaka unga mweupe ziwe za mzee, lakini jasho liliuosha, na mstari wa kushoto, chini ya pembe ya mdomo, ukajitokeza kwa weupe wake wenyewe.

Alikuwa ameshika kamba ya punda. Alitazama. Mkono wake ukapanda kidevuni kwake, ukakuta ngozi, ukashuka.

Mwongozaji akapita, akamtambua. "Ni wewe uliyenyoa?" akamuuliza, sauti ya baridi.

Kamera hazikuwa zimewashwa, lakini watu wote walikuwa pale, dobi na mbawa zake, mke wa Lutu, mchinja nyama aliyemfuata kondoo wake. Neno moja lingetosha. Ndevu akanitazama mimi, si yeye. Alinitazama muda ambao mtu angeweza kusema sentensi nzima, na nikaelewa kwamba sentensi hiyo ananiachia mimi. Nikarekebisha joho langu.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi."

Tukaanza. Nilipaswa kuwaambia watumishi wabaki na punda mpaka turudi. Nikafungua mdomo, nikahisi upande mmoja wa ndevu unabanduka kwa joto. Mwongozaji akapiga kelele tusimame. Kabla mpambaji hajafika, Ndevu alikuwa ameshanisogelea. Akaukandamiza ule upande kwenye shavu langu kwa kidole gumba chake kilichopinda, akashikilia, kama anavyoshikilia soli.

"Gundi inataka kushikiliwa kidogo," akasema. "Usiongee."

Pumzi yake ilikuwa usoni mwangu. Kovu lilikuwa mbele ya macho yangu, karibu kuliko siku ya kunyoa. Nikanyamaza, na nadhani ndiyo mara pekee katika maisha yangu niliyonyamazishwa na mtu akafaulu. Kisha akarudi kwa punda.

Baada ya hapo alianza kuja kila Jumamosi asubuhi. Kwa miaka yote ile hakuwa mteja, sasa akawa. "Zikiota zinawasha," alisema, nami nikashukuru kwamba ni jambo la kuwasha tu. Anakaa, anafumba macho, ananyamaza. Mimi naongea. Niliongea juu ya mvua, juu ya taa za barabarani, juu ya timu ambayo sote wawili hatuishabikii. Nikimaliza nafungua kitambaa, nakikung'uta mlangoni, namuaga. Miezi minane.

Filamu ikaja kuoneshwa kwetu kwanza, kwenye ukumbi wa shule, ukutani wametundika mashuka mawili ya dobi, ambayo mke wa Ndevu aliyaunganisha kwa cherehani. Mtaa ulikuja wote. Ndevu alikaa kando yangu. Uso wangu ulipojaa shuka zima, mkubwa kama mlango, watu walipiga makofi, na katikati ya makofi mtu wa nyuma akapayuka, "Jamani, ndevu kama za Ndevu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, ni mzaha wa mtaani. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikampiga Ndevu begani, kama vile mzaha ni wetu sote. Yeye alikuwa akitazama mbele, akipiga makofi polepole.

Mwisho majina yalipanda. Ibrahimu, kinyozi. Sara, muuza maua. Yakapanda mpaka likafika la chini kabisa, baada ya kondoo: mtumishi wa kwanza, fundi viatu.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikavuka barabara, na safari hii nilizihesabu hatua zote ishirini. Mkewe aliponiona aliinuka kwenye cherehani, akaingia ndani bila kunisalimia. Nikamwambia mumewe kila kitu, tangu glasi ya maji mpaka kwenye kitambaa. Alinisikiliza huku akivuta uzi.

"Najua," akasema.

"Uliona siku ya punda."

"Nilijua siku ile ile uliyoninyoa. Miaka ishirini na sita nakutazama kutoka hapa. Kila mtu ukimnyoa, unakikung'uta kitambaa mlangoni, hata mvua ikinyesha. Siku yangu nilivuka, nikakaa hapa, nikangoja ukikung'ute. Hukukikung'uta. Nikasema, kinyozi gani anatunza ndevu za mtu?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nakuja kila Jumamosi." Aliuma uzi akaukata. "Mimi kunyolewa nakutaka nini? Nilikuja nikakaa, nikafumba macho ili usione haya. Nikasema atasema leo. Ukaongea habari za taa."

Akatunga uzi mwingine kwenye sindano.

"Ningengoja bado," akasema. "Lakini jana ulicheka."

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Akatazama miguu yangu. "Soli yako ya kulia imeachia. Lete."

Nikavua. Naye akavua kandambili zake, akaziweka mbele yangu, akazisogeza zikae sawa na vidole vyangu, kama anavyomfanyia mteja yeyote anayepita njia. Kabla ya hapo hakuwahi kunifanyia hivyo. Mimi nilikuwa nikikaa kwake pekupeku nikimsubiri, na kucheka, kwa kuwa nilikuwa kwa ndugu yangu.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Ndevu zimeanza kurudi. Kovu halionekani tena, na wateja wangu wanamtazama tena kupitia kioo. Wanasema fundi viatu karudia maringo yake. Mimi siwasahihishi, nakata nywele tu.

Basi, mama mwongozaji, haya ndiyo maisha ya Ibrahimu wako. Naomba orodha ibadilishwe, aliye chini awe juu, na kando ya jina la Ibrahimu pawe peupe kama palivyokuwa. Nimeandika hivyo, nimetia kwenye bahasha, nimebandika stempu. Leo ni siku ya nne bahasha iko mezani karibu na mkasi, na sanduku la posta liko pembeni mwa kibanda cha Ndevu, hatua ishirini. Kila nikiinuka, mtu anapita mlangoni na kuita, "Ibrahimu! Habari za asubuhi?"

Nami naitika.